Jinsi ya kulinganisha laibrari za kazi za nyuma za Django kabla hujaweka hata moja kwenye seva

Wakuu, kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoanza Django, ile fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti: nataka mfumo wangu utume meseji bila kumsubirisha mtu kwenye ukurasa, nitumie laibrari gani? Jibu wanalopewa kila mahali ni neno moja, Celery. Celery ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila jibu la neno moja limewaumiza wengi, mtu anaweka mtambo mkubwa kwenye seva ya giga moja ya RAM alafu wiki mbili baadae seva inazima zima na hajui kwanini. Kwa hiyo naandika hapa njia ninayopita mimi kabla sijachagua, nikitumia mfano huo huo wa kazi za nyuma, yaani kazi ambazo programu inazifanya pembeni wakati mtumiaji ameshaendelea na mambo yake. Mfumo wenyewe tuseme ni wa shule: mzazi akilipa ada risiti inaandikwa, sms inaenda, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi wenye madeni wanakumbushwa.

Njia ni hii hii hata ukiwa unalinganisha laibrari za kulogini, za API au za kuingiza Excel.

Hatua ya 1: Kaa chini uandike kazi yako kabla hujafungua intaneti

Chukua karatasi, andika kazi ni ngapi kwa siku, kila moja inachukua muda gani, seva ina RAM kiasi gani, na nani ataitunza ukiwa umesafiri. Alafu jibu maswali mawili ambayo watu wengi wanayaruka: kazi moja ikipotea hasara ni nini, na kazi moja ikifanyika mara mbili hasara ni nini? Picha ndogo ya profaili ikipotea hamna shida, utaitengeneza tena. Risiti ya malipo ikipotea una kesi.

Mimi hilo swali la pili nililiruka kwenye kazi moja ya shule. Laibrari ilikuwa na setingi ya dakika ngapi isubiri kabla haijadhani kazi imekwama na kuianza upya, sikuisoma, nikaiacha ilivyokuja, na kazi ya kutuma sms kwa wazazi wote ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko hiyo setingi. Wazazi wakapata ujumbe wa deni mara mbili, wengine mara tatu, asubuhi moja, na simu za mhasibu hazikukatika mpaka jioni. Kuna mama alikuwa ameshalipa akaja mpaka shuleni na risiti mkononi. Tangu siku ile hilo swali ndo la kwanza kuandika.

Hatua ya 2: Angalia kama Django yenyewe haijakupa tayari

Django ina tabia ya kumeza laibrari za nje zikishakomaa. Zamani kubadilisha majedwali ya databesi ulikuwa unatumia South, ikafika Django 1.7 mwaka 2014 kitu hicho kikawa ndani kabisa, makemigrations na migrate unazotumia leo. Sehemu ya kuhifadhi JSON nayo ilikuwa kazi ya laibrari za watu, Django 3.1 ya 2020 ikaleta JSONField inayofanya kazi kwenye databesi zake zote. Mpaka leo nakutana na miradi imeinstoli laibrari ya JSON ya zamani ambayo haina kazi tena.

Kwa kazi za nyuma, Django 6.0 iliyotoka Desemba 2025 imeleta django.tasks. Isome vizuri maana watu wanadhani imemaliza mchezo. Ilichokupa ni namna moja rasmi ya kuandika kazi na kuiweka kwenye foleni, yaani mstari wa kazi zinazosubiri, ila bakendi (sehemu zinazopokea kazi hizo) zinazokuja nayo ni za kuendeleza na kutestia tu, moja inafanya kazi papo hapo na nyingine haifanyi kitu kabisa, inahifadhi tu. Woka, yaani prosesi ya kukaa kwenye seva na kuzifanya kazi kweli, bado unamtafuta nje. Alafu kama mradi wako uko kwenye 5.2, ambayo ndo toleo la muda mrefu na linatunzwa mpaka Aprili 2028, hiyo kitu kwako haipo kwenye boksi. Kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 3: Kusanya wagombea, wasizidi wanne

Pa kuanzia ni tovuti ya Django Packages, ipo tangu 2010 na kazi yake ni hii tu, ina majedwali yanayoweka laibrari za aina moja ubavu kwa ubavu. Itumie kupata majina, ila usichague kwa jedwali peke yake, lile halijui seva yako.

Mimi kwa mfano wetu nabaki na hawa. Celery, ya 2009, ndo kubwa kuliko zote, inaongea na RabbitMQ au Redis, programu za pembeni za kushika foleni, inajua mambo mengi ambayo shule yetu haitayahitaji hata siku moja. django-rq, ambayo ni RQ iliyofungwa kwa Django, inataka Redis, rahisi kueleweka, na ina ukurasa wake wa kuangalia foleni humo humo kwenye admin. Huey, ndogo, inaweza kukaa kwenye Redis au hata kwenye faili la SQLite. Na django-q2, inaweza kutumia databesi yako hiyo hiyo ya Django kama foleni, hamna kitu kingine cha kuwasha zaidi ya woka wake.

Dramatiq nayo ni nzuri, ila nikishazidisha wanne najikuta sijaribu hata mmoja vizuri.

Hatua ya 4: Pima uhai wa mradi

Nyota za GitHub usizipe uzito. Nyota mtu anabonyeza mara moja alafu anasahau, hairudi kuondolewa mradi ukifa. Nenda PyPI, ghala la laibrari za Python, uangalie historia ya matoleo, la mwisho lilitoka lini na kabla ya hapo yalikuwa yanapishana muda gani. Pembeni kuna orodha ya matoleo ya Django na Python inayoyakubali, angalia kama la kwako limo. Kisha ingia GitHub kwenye matatizo yaliyoripotiwa na usome kumi ya karibuni, usihesabu idadi, soma. Je kuna mtu anajibu? Anajibu kwa ukali au kwa kusaidia? Kuna tatizo linafanana na la kwako limekaa miaka bila mtu kuligusa?

Hapa kuna mtego mmoja inabidi niuseme kwa sauti. Ukiandika pip install django-q utapata laibrari, itaingia bila kulalamika, ila hiyo ni ile ya zamani ambayo toleo lake la mwisho, 1.3.9, ni la 2021. Watu waliuchukua mradi wakauendeleza kwa jina la django-q2. Tofauti ni namba moja mwishoni. Kitu kile kile kilitokea kwa django-rest-auth, ikaachwa, iliyo hai ikawa dj-rest-auth. Mafunzo mengi ya YouTube bado yanataja majina ya zamani na kijana anafuata tu, kwa hiyo kabla ya kuinstoli chochote fungua ukurasa wa mradi usome mistari ya juu kabisa, mara nyingi mwenye mradi uliokufa ameandika pale pale mwende wapi.

Angalia pia watunzaji ni wangapi. Huey kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mtu mmoja, Charles Leifer, na ameitunza kwa uaminifu miaka mingi, mimi sioni kasoro hapo, ila ujue. Celery ina kundi. Mradi wa mtu mmoja ambao msimbo wake ni mfupi na unasomeka naupendelea kuliko wa kundi ambao siwezi kuusoma, maana wa kwanza ukiachwa naweza kuubeba mwenyewe mwaka mmoja nikiwa natafuta njia nyingine.

Hatua ya 5: Hesabu mzigo inaokuja nao

Kabla hujaiweka, iulize pip italeta nini:

pip install --dry-run celery

Hiyo haiinstoli kitu, inakuonyesha tu orodha. Kwa Celery utaona kombu, billiard, vine, amqp na wenzao. Rudia kwa Huey utaona inakuja karibu peke yake. Kila jina kwenye orodha hiyo ni kitu ambacho siku moja kitataka apdeti, na kama unalipia bando la kupakua kwenye seva unajua nasema nini.

Mzigo mwingine hauko kwenye pip. Redis ni prosesi nyingine inayokula RAM, na inaweka vitu kwenye RAM, kwa hiyo kama foleni yako ina risiti washa appendonly yes kwenye setingi zake ili iandike kwenye diski, la sivyo umeme ukikatika ghafla kazi zilizoingia dakika za mwisho zinaweza kupotea. Utakutana pia na jina Valkey, usishtuke, Redis walibadilisha leseni Machi 2024 watu wakaanzisha Valkey kutoka kwenye msimbo wa zamani chini ya Linux Foundation, na kwa matumizi yetu haya zinafanana.

Leseni za laibrari zenyewe ni suala la dakika mbili. Celery ni BSD, Huey na django-rq ni MIT, hizo unafanyia biashara bila wasiwasi. Ukikutana na GPL au AGPL kwenye laibrari yoyote simama usome kwanza, hasa kama unamuuzia mteja programu.

Na mwisho wa hatua hii, laptopu yako. Wengi wetu tunaandikia kwenye Windows. Celery iliacha kuitegemeza Windows rasmi tangu toleo la 4, na RQ tangu mwanzo ilijengwa kwa tabia za Linux. Ukiwa na WSL, Linux inayokaa ndani ya Windows, hamna tabu, usipokuwa nayo utapoteza siku nzima ukidhani umekosea setingi.

Hatua ya 6: Chukua wawili uwaue

Hapa ndo penyewe, na ndo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Kusoma nyaraka kunakuambia laibrari inafanyaje kazi siku nzuri. Unachotaka kujua ni inavyoanguka. Tenga siku moja nzima, chukua wagombea wawili waliobaki, kila mmoja mpe folda yake na mazingira yake ya python -m venv, na uandike kazi ile ile moja: inachukua namba ya risiti, inalala sekunde 30, alafu inaandika mstari kwenye faili kwamba nimetuma. Hizo sekunde 30 ni nafasi yako ya kufanya fujo.

Kwanza zima DEBUG, setingi ya Django ya wakati wa kuendeleza. Nasisitiza hili maana Huey kwenye Django, DEBUG ikiwa True, inafanya kazi papo hapo bila foleni yoyote isipokuwa ukiiambia vingine. Utatesti, kila kitu kitaonekana kinaenda, kumbe hujawahi kugusa foleni. Celery na django-q2 nazo zina setingi za namna hiyo, ila hizo unaziwasha mwenyewe.

Jaribio la kwanza, ingiza kazi moja, subiri sekunde kumi, alafu muue woka kwa kill -9, amri ya kuzima prosesi papo hapo bila kuipa nafasi ya kumalizia. Muwashe tena uangalie faili. Majibu yanatofautiana kweli kweli. Celery ilivyo kwa kawaida inakiri kazi imepokelewa kabla haijaanza kuifanya, kwa hiyo ukimuua woka katikati, kazi imepotea. Unaweza kuwasha task_acks_late ili ikiri mwishoni, ila ukiwa na Redis kazi isiyokiriwa inarudi baada ya muda ambao kwa kawaida ni saa nzima. Na huo huo muda unauma upande wa pili: ukipanga kazi ifanyike masaa matatu mbele, na muda ni saa moja, inaweza kutolewa tena kwa woka mwingine ikafanyika mara zaidi ya moja, nyaraka zao zenyewe zimeonya. Huey ikishaitoa kazi kwenye foleni ukaiua katikati, kazi hairudi. RQ inaipeleka kwenye orodha ya zilizofeli, inakusubiri wewe uamue. django-q2 kwenye databesi inairudisha baada ya sekunde za retry, ambazo kwa kawaida ni 60, kwa hiyo hakikisha retry ni kubwa kuliko timeout (muda wa juu wa kazi moja) na timeout ni kubwa kuliko kazi yako ndefu kuliko zote. Hamna jibu sahihi hapo, rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya 1 uangalie ni hasara ipi uliyosema huwezi kuibeba.

Laibrari yoyote utakayochukua, linda kazi yenyewe isijirudie. Mimi naweka sehemu kwenye modeli na kufanya hivi kabla ya kutuma:

n = Risiti.objects.filter(pk=pk, sms_imetumwa=False).update(sms_imetumwa=True)
if n == 0: return

Woka wawili wakija pamoja mmoja tu atapata 1. Ubaya wake ni kwamba ukianguka baada ya mstari huo sms haitaenda, kwa hiyo kwa vitu vya pesa naongeza hali ya tatu, inatumwa, na nina ukurasa wa kuangalia zilizokwama hapo.

Jaribio la pili, kata mtandao kazi ikiwa inaongea na watuma sms. Kama unatumia requests, laibrari ya kuita seva nyingine, bila kuweka timeout, itasubiri bila kikomo, woka wako mmoja ataganda na foleni nzima nyuma yake, na hiyo sio kosa la laibrari yoyote kati ya hizi, ni la kwako, weka timeout=10.

Jaribio la tatu ni la tranzaksheni, yaani mabadiliko ya databesi yanayokubalika yote kwa pamoja au kughairika yote. Ndani ya transaction.atomic andika risiti, ingiza kazi kwenye foleni, alafu lala sekunde tano kabla tranzaksheni haijafungwa. Kwa foleni ya Redis woka atakimbilia namba ya risiti ambayo kwenye databesi bado haijaonekana, atakuletea DoesNotExist. Dawa ni transaction.on_commit, inayoingiza kazi tranzaksheni ikishafungwa, na Celery kuanzia 5.4 ina delay_on_commit inayofanya hivyo hivyo. Kwa django-q2 inayotumia databesi ile ile, kazi inaandikwa ndani ya tranzaksheni hiyo hiyo, malipo yakighairiwa na kazi inaghairika nayo, zinakwenda pamoja au hamna hata moja. Kwa mfumo wa malipo hili ni jambo kubwa sana na sijui kwanini halisemwi.

Jaribio la nne, saa. Django mpya inakuja na TIME_ZONE ya UTC, na Huey yenyewe inahesabu ratiba kwa UTC usipoibadilisha, ukiandika hour=8 ukitegemea saa mbili asubuhi, wazazi watapata sms saa tano. Weka TIME_ZONE iwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, kwa Huey badilisha na utc iwe False, alafu panga kazi ya dakika tano mbele uione ikipiga kwa macho yako.

Wakati yote hayo yanaendelea, kwenye terminali nyingine pima RAM:

ps -eo rss,args --sort=-rss | head

Namba ziko kwa kilobaiti. Celery na django-q2 kwa kawaida zinafungua woka kulingana na idadi ya CPU, kila mmoja amebeba Django yako, kwa hiyo pima kwenye seva yenyewe, laptopu ina CPU nyingi itakudanganya. Ukiona ni nzito punguza, --concurrency=1 kwa Celery, workers kwa django-q2. Na django-q2 kwenye databesi inachungulia foleni kila sekunde 0.2, shule haihitaji haraka hiyo, mimi naweka poll ya 2.

Hatua ya 7: Jenga mlango mmoja

Kabla hujaandika kazi ya pili, tengeneza faili moja, mimi naliita foleni.py, lenye fanksheni moja tu kama tuma_nyuma(kazi, *args), na hilo ndo faili pekee kwenye mradi mzima linalotaja jina la laibrari wakati wa kuingiza kazi. Kazi zipokee namba na maneno tu, usipitishe modeli nzima, pitisha pk, namba yake kwenye databesi, woka aitafute mwenyewe. Ukifanya hivi, siku ukihamia django.tasks, upande wa kuingiza kazi unagusa faili moja.

Hatua ya 8: Amua, na uandike kwanini

Kwa shule yetu, kazi mia chache kwa siku, PostgreSQL ipo tayari, seva ndogo, na anayeitunza ni kijana mmoja anayejua Django admin kuliko terminali, mimi nachukua django-q2. Kazi zilizofeli anaziona kwenye admin ile ile anayoingiza wanafunzi, na ratiba ya Jumatatu anaibadilisha hapo hapo bila kunipigia. Kama ingekuwa blogu au mfumo mdogo wa SQLite ambao kazi ikipotea hamna anayelia, Huey, bila kufikiria mara mbili. Kama Redis ishakuwepo kwa ajili ya kache na timu inataka kitu cha kueleweka siku moja, django-rq. Celery naichukua kazi zikiwa maelfu kwa saa, seva zaidi ya moja, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mitambo, hapo inajilipa.

Ukishaamua funga toleo kwenye requirements, kwa == na namba kamili, na kwenye README andika tarehe, wagombea walikuwa nani, jaribio la kill -9 lilitoa nini kwa kila mmoja, na RAM uliyopima. Yangu ya shule ina mistari kumi na moja. Miezi minane baadae Django ilipotoa toleo jipya niliifungua, nikarudia majaribio yale yale manne kwenye tawi la pembeni, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana.